Kigari cha mapacha kwenye mchanga wa Kigamboni

"Shangazi, shikamoo. Nina mapacha, Kulwa na Doto, wana wiki 9, nilijifungua kwa upasuaji. Tumepanga Kigamboni, huku Mjimwema, na kutoka getini mpaka lami ni njia ya mchanga mtupu. Wifi yangu anaishi Leicester, Uingereza, anakuja mwezi ujao, na ameahidi kutuletea kigari cha watoto wawili. Kila siku ananitumia picha: kimoja watoto wanakaa ubavu kwa ubavu, kingine mmoja mbele na mwingine nyuma. Mume wangu anataka cha mbele na nyuma kwa kuwa ni chembamba na anaona kitaingia kwenye buti ya IST yetu. Jirani ananiambia nitafute viwili vya mtumba nivifunge pamoja. Mama mkwe ndiyo kabisa hataki, anasema watoto wa kwetu wanabebwa kwa mbeleko na kigari ni kujionyesha. Sijui nimsikilize nani. Mama Kulwa."

Marahaba, Mama Kulwa, na hongera sana kwa watoto wawili kwa mpigo. Nakupa jibu kwanza, maana wifi yako anasubiri: mwambie alete cha ubavu kwa ubavu, chenye magurudumu makubwa ya upepo, na ambacho upana wake hauzidi kipimo utakachopima mlangoni kwako leo hii. Hicho cha mbele na nyuma ni kizuri kwa sakafu za maduka na njia za lami za Leicester. Kwa Mjimwema kitakutoa jasho.

Sababu ni mchanga. Ili kigari kivuke tuta la mchanga au kipande cha jiwe, unabonyeza mpini chini ili magurudumu ya mbele yainuke. Kwenye kigari cha ubavu kwa ubavu watoto wote wawili wamekaa karibu na ekseli ya nyuma, kwa hiyo kunyanyua mbele ni kazi ndogo. Kwenye cha mbele na nyuma, mtoto mmoja uzito wake wote uko mbali kule mbele, na wewe unaunyanyua kutoka nyuma kila hatua chache. Leo ni kilo 4 au 5, hutasikia. Wakitimiza mwaka, wawili kwa pamoja wanaweza kufika kilo 17 au 18, na kigari chenyewe ni kilo 13 hadi 17. Hapo ndipo mama anakiacha kigari kwenye kona ya varanda na hakitoki tena.

Halafu angalia gurudumu lenyewe. Vigari vingi vyepesi, vile vinavyokunjwa kama mwamvuli, vina vigurudumu vya sm 15 hivi vya plastiki ngumu. Vile havipiti juu ya mchanga, vinachimba. Unachotaka ni gurudumu la nyuma la inchi 12 lenye tairi na tyubu, na la mbele linalozunguka pande zote lakini lenye kifungio cha kulinyoosha. Ukiingia kwenye mchanga, lifunge, kwa sababu gurudumu linalozunguka likikutana na mchanga linageuka upande na kukwama papo hapo. Na pale mchanga unapokuwa mwingi kabisa, usisukume. Geuka, kivute kigari kinyumenyume ili magurudumu makubwa yatangulie.

Omba wifi asome maandishi ubavuni mwa tairi. Ukiona 12½ × 2¼, furahi, kwa sababu ndicho kipimo cha baiskeli nyingi za watoto za inchi 12, na fundi baiskeli yeyote atakupatia tyubu au kuziba pancha. Isipokuwa valvu, ule mdomo wa kujazia upepo: nyingi za vigari zina shingo iliyopinda, kwa kuwa spoku au plastiki ya rimu inazuia pampu kuingia wima. Aje na tyubu mbili za akiba zenye valvu ya hivyo, ni nyepesi na hazichukui nafasi kwenye begi. Upepo ujaze kwa pampu ya mkono na usizidishe namba iliyoandikwa kwenye tairi. Usipeleke tairi hizi kwenye mashine ya kituo cha mafuta, tyubu ndogo kama ile inajaa kwa sekunde na kupasuka.

Sasa mlango, maana mume wako kwa upana ana haki ya kuuliza. Vigari vya ubavu kwa ubavu vingi vina upana wa sm 72 hadi 78, na vichache vyembamba ni sm 63 hadi 65. Cha mbele na nyuma huwa kati ya sm 60 na 65. Chukua futi ya fundi, na usipime fremu. Pima uwazi unaobaki: fungua mlango kama unavyoufungua siku zote, kisha pima kutoka uso wa mlango mpaka fremu ya upande wa pili, mara moja kwenye kimo cha goti na mara moja kwenye kimo cha kitasa. Mlango wa sm 80 unaofunguka nyuzi 90 tu unakuachia sm 74 au 75, kwa sababu unene wa mbao umekula nafasi. Mlango wa grili ndio mkorofi zaidi, kwa kuwa bawaba na komeo lake vyote vimechomoza ndani. Pima na geti dogo. Chukua uwazi mdogo kuliko zote, toa sm 3 za kuokoa vidole vyako, hicho ndicho kipimo cha kumtumia wifi. Naye asitosheke na namba ya tangazo, apime mwenyewe dukani kwenye magurudumu ya nyuma, kwa kawaida ndiko kigari kinakopanuka zaidi.

Kumbuka kigari si lazima kiingie chumbani. Kikipita mlango wa nje na kulala sebuleni, inatosha. Hivi vyembamba sana navyo vina gharama yake: viti vimebana, na watoto wakikaribia miaka 3 mabega yanagusana na ugomvi unaanza.

Kuhusu IST, mwambie baba Kulwa ukweli huu: cha mbele na nyuma ni chembamba kwa upana lakini kikikunjwa mara nyingi hubaki kirefu au kinene, na buti ya gari dogo inahesabu vyote vitatu. Viti vya nyuma hamwezi kuvilaza kuongeza nafasi, maana huko ndiko viti vya gari vya watoto vitakuwa. Pimeni mdomo wa buti pale palipo pembamba, kisha kina mpaka kwenye mgongo wa kiti. Mwombeni wifi vipimo vya kigari kikiwa kimekunjwa na magurudumu yametolewa. Vigari vyenye magurudumu makubwa vingi vina kitufe katikati ya gurudumu au nyuma ya ekseli, unabonyeza na kuvuta, linachomoka. Ukilirudisha, lisikike likidaka, kisha livute kwa nguvu kuhakikisha.

Viti vilale. Hapa wifi asikubali maneno ya muuzaji. Mapacha wako watakuwa na miezi 3 tu kigari kikifika, shingo bado hazijakaza, na mtoto akikaa wima kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Kiwango cha Ulaya cha vigari, EN 1888, kinataka kiti cha mtoto wa chini ya miezi 6 kilale mpaka pembe kati ya kiti na mgongo ifike angalau nyuzi 150, yaani karibu na kulala kabisa. Vyote viwili vilale, kila kimoja peke yake. Vipo vigari vya mbele na nyuma ambavyo kiti kimoja tu ndicho kinacholala, kingine ni cha mtoto wa miezi 6 na kuendelea. Hivyo ni vya mama mwenye kichanga na mkubwa wake, si vyako. Kama Kulwa na Doto walizaliwa kabla ya wakati, waulize wauguzi wa kliniki kabla ya kuwalaza humo kwa muda mrefu.

Ushauri wa jirani wa kufunga viwili pamoja uache. Klipu za kuunganishia zipo, lakini vikiungana upana unakaribia mita moja, magurudumu ya mbele yanagongana yakigeuka, na breki zinabaki za vigari viwili tofauti. Mtumba wenyewe si dhambi, ila ukaguliwe. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza nchini Marekani marekebisho ya vigari takriban milioni 1, vya mtoto mmoja na vya mapacha pia, kwa sababu bawaba za pembeni zilikuwa zinakata ncha za vidole vya watoto kigari kikifunguliwa. Waliotaka walipewa vifuniko vya bawaba. Vigari havifi haraka, na cha zamani namna hiyo kinaweza kuwa kinauzwa mahali leo hii bila kifuniko. Kwa kigari chochote, cha duka au cha mtumba, sheria ni moja: watoto wawe mbali kabisa unapokifungua na unapokikunja.

Kikifika, kabla mtoto hajakaa humo, kifanyie mtihani wa madumu. Jaza maji madumu mawili ya lita 10, kila moja lina kilo 10, yafunge kwenye viti kwa mikanda. Kisukume mpaka kwenye lami na kurudi. Kiweke kwenye mteremko, funga breki, achia mikono: kisisogee hata kidogo. Kuna vigari ambavyo kila gurudumu la nyuma lina breki yake, na mama mwenye haraka anakanyaga moja akasahau ya pili. Afadhali chenye kanyagio moja linalofunga magurudumu yote mawili. Sasa toa dumu moja, ubaki na upande mmoja, na ukisukume uone kinavutia upande gani. Mwisho lirudishe dumu, ning'iniza mfuko wako wa nepi na chupa kwenye mpini, toa madumu yote mawili. Kikienda chali, umeshajua: mfuko unakaa kwenye kikapu cha chini, na siku ukiutundika, unautoa kabla ya kumtoa mtoto.

Mikanda iwe ya ncha tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na mmoja katikati ya miguu. Ya mabega itoke usawa wa mabega ya mtoto, na ukiifunga vidole viwili tu viingie kati yake na kifua.

Kuna jambo moja, Mama Kulwa, nakuomba ulishike kuliko yote. Usifunike kigari kwa kanga. Najua jua la huko, na najua mkono unavyokwenda wenyewe kwenye kanga mtoto akilala. Ile nguo, hata nyepesi, inazuia hewa kupita, joto linapanda ndani kwa haraka, na mtoto mdogo hana namna ya kujipoza wala ya kukwambia. Na wewe humuoni. Tumia kofia ya kigari chenyewe, iwe ndefu, na mwamvuli ukipenda. Kwa mbu weka chandarua chenye matundu kinachopitisha hewa. Toka kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, na gusa shingo zao kila baada ya dakika chache. Shingo ikiwa na jasho, simama kivulini, punguza nguo.

Hewa ya bahari itakila chuma. Chagua fremu ya alumini, na mkitoka ufukweni suuza magurudumu na bawaba kwa maji baridi, kausha. Usipake mafuta ya kupikia, yanashika mchanga na kusaga bawaba. Pata spreya ya silikoni kidogo tu. Kifungo cha mikanda kikigoma, kioshe kwa maji ya vuguvugu mchanga utoke.

Mwambie wifi pia kwamba kwa kuwa hasafiri na mtoto, kigari kinaweza kuhesabiwa kama mzigo wake wa kawaida, ambao mara nyingi mwisho ni kilo 23 kwa begi. Boksi alipime nyumbani, na aulize shirika lake kuhusu ukubwa, si uzito peke yake.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa kuwa ndiye utakayeishi naye. Usibishane naye kuhusu mbeleko, kwa sababu sehemu kubwa yuko sahihi. Kwenye daladala kigari cha mapacha hakiendi popote, na kwenye bajaji kikikunjwa hakibaki mahali pa kukaa. Kwenye pantoni wakati wa msongamano, mtoto mgongoni ni salama kuliko mtoto aliye kwenye kimo cha magoti ya watu. Mwambie hivyo kwa maneno haya haya, kwamba mbeleko zinabaki, na kwamba unamtegemea yeye kwa Doto mkivuka kwenda mjini. Kisha mweleze usichomwambia bado: una kidonda cha upasuaji, watoto ni wawili, mgongo ni mmoja, na siku anapokuwa hayupo huna namna ya kutoka nyumbani. Hilo si kujionyesha, na mama aliyezaa atalielewa akiambiwa kwa heshima na bila kulinganishwa na Ulaya. Kigari chenyewe usikinyanyue kukipakia kwenye gari mpaka kliniki wakuruhusu. Hiyo iwe kazi ya baba Kulwa.

Kliniki ya chanjo ya wiki 14 inaangukia karibu na ujio wa wifi. Nendeni na mama mkwe, asukume yeye, na mpini uurekebishe ufike usawa wa kiuno chake kabla hamjatoka getini.