Kwa mnaoanza utafiti wa programu: chagueni mapumziko yenye mwisho

Ndugu zangu mnaoingia katika utafiti wa programu za kompyuta, mtashauriwa sana kuhusu lugha za kujifunza na makala za kusoma, lakini ni wachache watakaowauliza mnafanya nini mkishafunga kompyuta, au mnakimbilia wapi kwenye intaneti kazi inapowakwamia. Nimeifanya kazi hii hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka kumi, na ninaamini swali hilo lina uzito mkubwa kuliko tunavyokiri. Sababu imo ndani ya kazi yenyewe. Muuza samaki pale Feri huliona beseni lake likiisha, na fundi cherehani hukunja nguo iliyokamilika akamkabidhi mwenyewe. Sisi tunaweza kufuatilia swali moja kwa miezi minne, na tulichovuna kikawa ni kujua tu kwamba njia ile haipitiki. Mtu anayeishi hivyo anahitaji, mahali fulani katika siku yake, kitu kinachoanza na kumalizika mbele ya macho yake.

Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Programu niliyokuwa nikiichunguza ilihitaji kama dakika saba kujengwa upya na kupitishwa kwenye majaribio. Dakika saba hazitoshi kuanza kazi nyingine, na ni nyingi mno kukodolea macho skrini, kwa hiyo nilishika simu nikatazama video fupi. Video hizo zimepangwa zisiwe na mwisho. Ya pili huanza kabla hujaamua kama unaitaka. Majaribio yalimalizika nami nikaendelea kutazama, na niliporudi nilikuta matokeo ambayo sikukumbuka tena yalikuwa yanajibu swali gani. Bando la wiki lilikuwa likiisha siku ya tatu, lakini hasara iliyoniuma zaidi ni ule uzi wa fikra uliokatika mara tisa au kumi kwa siku.

Dawa niliyoipata ni daftari la karatasi. Kabla ya kuanzisha majaribio, naandika sentensi mbili: natarajia kuona nini, na kwa nini. Kisha katika zile dakika za kungoja nachora njia ambayo data itapita, kutoka inapoingia hadi inapotoka. Matokeo yakija tofauti na nilivyoandika, ninajua papo hapo ni dhana ipi iliyoniponza. Kwa hiyo nawasihi: muda wa kungoja majaribio msiuhesabu kuwa mapumziko. Mapumziko yawekeeni saa yake.

Yangu mimi, kwanza kabisa, ni bao. Jumamosi baada ya swala ya alasiri huenda Mwananyamala, kwenye mwembe ambapo wazee hukaa na ubao wao, wenye safu nne za mashimo manane manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na katika hatua ya namua huingiza moja moja hadi za mkononi ziishe, ndipo mchezo uingie mtaji, yaani hatua ya kucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu. Utamu wake, kwa mtu wa kazi yetu, uko katika mnyororo. Unapokula, yaani unapozichukua kete za mpinzani na kuzigawa moja moja kwenye mashimo yako, kete ya mwisho ikitua kwenye shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, unakula tena. Kama huwezi kula, unazoa zilizomo na kuendelea kugawa, mpaka kete ya mwisho itue kwenye shimo tupu, hapo umelala, yaani zamu yako imekwisha. Zamu moja inaweza kuzunguka upande wako wa ubao mara kadhaa, nawe unatakiwa uione yote kichwani kabla hujagusa kete.

Siku moja nilihesabu mizunguko mitatu kwa makini, nikacheza, nikalala palepale nilipokusudia. Mzee niliyecheza naye aliangalia ubao kwa muda, akazoa kete za shimo moja la pembeni, na mkono wake ulipotulia safu yangu ya mbele ilikuwa imebaki na kete chache za kuhesabika. Akaniambia, "Mwanangu, umehesabu vizuri, ila umehesabu kwako tu." Jumatatu niliirudia hitilafu iliyonisumbua wiki mbili, nikagundua kwamba nilikuwa nimeikagua mara nyingi sehemu inayoandika kwenye faili, na ile inayosoma sikuwahi kuifungua hata mara moja.

Hata hivyo, siendi pale mwembeni kutafuta masomo ya kazini, wala sitaki mchague mchezo kwa sababu utawanoa. Ukianza kuudai faida, unageuka kuwa kazi ya pili. Naenda kwa sababu bao likifungwa limefungwa, na kuna aliyeshinda na aliyeshindwa kabla ya magharibi.

Kwenye intaneti nako kuna vivutio ninavyovipenda, na sioni haya kuvitaja. Kimoja ni mchezo wa seli, yaani vijumba vya mraba vilivyopangwa kwenye skrini, kila kimoja ama hai ama mfu, uliobuniwa na mwanahisabati Mwingereza John Conway na kutangazwa mwaka 1970. Seli hai yenye majirani hai wawili au watatu huendelea kuishi, seli mfu yenye majirani hai watatu kamili huzaliwa, na nyingine zote hufa au hubaki mfu. Kanuni ni hizo tu. Lakini kuna umbo la seli tano ambalo halitulii hadi vizazi 1,103, yaani hatua za mchezo, vipite, na mara ya kwanza nililitazama lote bila kuondoka kitini. Kingine ni hazina ya mifuatano ya namba ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi; unaandika namba chache ulizozipata, nayo inakuonyesha zimewahi kutokea wapi. Huko ingieni mkiwa na namba zenu wenyewe, la sivyo usiku utawaishia humo.

Kinachonishika zaidi ni ramani huria ya dunia, OpenStreetMap. Jiji letu lina deni kwayo, kwa kuwa kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi, pamoja na wakazi wa mitaa, kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Kazi za uchoraji hukatwa vipande vya mraba. Unachukua kimoja, unafuata kingo za mapaa kwenye picha ya setilaiti, unachora kichochoro, unatenganisha nyumba mbili zilizobanana hadi zionekane moja, halafu unabonyeza kwamba kipande kimekamilika. Mimi huchukua kimoja tu kwa usiku, kwa kawaida kando ya mto Msimbazi, kwa sababu mvua za masika zikianza ninajua maji yatapita wapi. Atakayependa kuanza na aje na kipanya, kwani kuchora paa kwa kidole kwenye kompyuta mpakato huchosha mkono kabla ya nyumba ya kumi.