Mogul Thrash, bendi aliyopitia John Wetton

Ndugu, umeuliza kama John Wetton, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, aliwahi kupiga gitaa la besi katika bendi yenye wapuliza tarumbeta na saksofoni kabla ya kujiunga na bendi ya roki ya King Crimson. Naam, aliwahi. Bendi hiyo ni Mogul Thrash, aliyoiunda mpiga gitaa na mwimbaji James Litherland baada ya kuachana na Colosseum, bendi ya jazi na roki, nayo ikaacha albamu moja tu, ya mwaka 1971, ambayo kurekodiwa kwake kulisimamiwa na mpiga kinanda Brian Auger. Anza na "Elegy", wimbo ambao Litherland alikwisha kuurekodi na Colosseum mwaka 1969, usikie tofauti inayoletwa na tarumbeta ya Michael Rosen na saksofoni za Malcolm Duncan na Roger Ball. Kwangu mimi, walistahili kabisa albamu ya pili. Duncan na Ball baadaye walivuma na Average White Band, bendi ya funk na soul ya Uskoti.