Unataka kuingia kwenye kazi ya traka? Usianzie kwenye skrini

Vijana wanaokuja kuomba kujifunza kazi hii ya kufunga traka, yaani vifaa vya kufuatilia magari, karibu wote huulizia redio za skrini, ramani na kamera za nyuma. Nawaelewa, ndivyo vinavyoonekana. Ila kazi ya ramani simu ilishaichukua zamani. Tazama gari lililotumika likishuka bandarini kutoka Japani: skrini ipo, ramani ni ya Japani, na ukiwasha tu sauti ya mwanamke inakusemesha Kijapani kuhusu kadi ya kulipia barabara. Wengi wanaing'oa redio nzima. Utalipwa ufundi wa siku hiyo, basi.

Pesa inayokua iko kwenye kisichoonekana na abiria. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, inayataka mabasi ya mikoani yafungwe VTS, yaani mfumo wa kufuatilia gari, na dereva ajitambulishe kwa kitufe chake. Akizidisha mwendo, ofisini wanaona. Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2017 zinafuatilia makontena ya transiti, yanayopita kwenda nchi nyingine, kwa mfumo mmoja wa lakiri (sili) za kielektroniki. Kila kifaa cha namna hii kinahitaji laini ya simu, ada na mtu wa kukikagua.

Kwenye malori ndiko utakakopimwa. Mwenye lori haulizi sana gari liko wapi. Anauliza mafuta yameenda wapi. Unamfungia sensa, kifaa cha kupima kimo cha mafuta, ndani ya tangi, lakini namba zake hazina maana kabla hujalipima tangi lenyewe. Limwage lote, lijaze lita 20 baada ya lita 20, na kila mara andika sensa inasoma ngapi, maana matangi mengi hayajanyooka kama boksi. Hata baada ya hapo, lori likipanda mlima Kitonga mafuta yanalala upande mmoja na mchoro wa mafuta unaouona ofisini unashuka ghafla kana kwamba mtu ameyanyonya. Asiyejua kuusoma mchoro huo atamfukuzisha kazi dereva asiye na kosa. Anayejua haachwi na tajiri.

Kwa hiyo kaa kwanza na fundi umeme wa magari. Jua kutumia mita, jua gari la volti 12 na lori la 24, jua rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Rilei ya kukata pampu ya mafuta isifanye kazi gari likiwa kasi, hata mteja akikupigia kelele kwamba gari linaibwa.

Halafu usijaze stoo vifaa vya 2G kwa sababu ni bei chee. Mitandao ya zamani ya simu huzimwa, na kifaa kinakufa nayo. Marekani walipozima 3G mwaka 2022, magari mengi yalibaki na vifaa visivyoweza kupiga simu ya dharura.

Na atakuja mtu jioni, gari si lake, ni la mkewe, anataka traka ifichwe vizuri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwombe kadi ya gari na ridhaa ya maandishi ya mwenye gari. Wengi wao hawarudi.