Njano Inayozunguka Doa Si Njaa ya Mbolea

Juzi msomaji wa Sangabuye kanitumia picha ya jani la nyanya: doa la kahawia, duara ndani ya duara, na njano imelizunguka. "Kaka, naongeza urea, mbona njano inazidi?"

Swali hilo limenigusa pabaya. Msimu uliopita, huku Igombe, Mwanza, muuza pembejeo mmoja alinicheka mbele ya wateja nilipoikataa urea yake. Eti najifanya bwana shamba. Basi matenga yangu ya nyanya yalifika soko la Kirumba. Ya waliocheka naye sitaki kuyasema. Shamba lao lilibaki vijiti.

Ugonjwa ulio kwenye jani la msomaji wangu ni bakajani tangulia. Kuvu wake, Alternaria solani, hutanguliza sumu, mojawapo asidi ya altenariki, inayoua seli kabla yeye mwenyewe hajafika. Kuvu yuko katikati ya doa, sumu iko pembeni inachafua. Urea itafanya nini hapo? Kweli, mmea uliokosa naitrojeni, ile iliyomo kwenye urea, hushambuliwa upesi zaidi, kwa hiyo mbolea weka mapema. Ila jani lililokwisha kula sumu halirudi kijani, hata ulimwagie gunia zima.

Wala tusidharau sumu za kuvu. Mwaka 1970 kule Marekani sehemu kubwa ya mahindi ilitoka kwenye asili moja, ikarithi udhaifu mmoja. Akatokea kuvu mwenye sumu iliyolenga udhaifu huohuo, ikaharibu mitambo ya nishati ndani ya seli, na takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima ikapotea. Nasi huku kijiji kizima tunapanda mbegu moja kwa sababu jirani kaipanda!

Vijana wenzangu, wote tunataka Fuso la mazao na nyumba Buswelu, lakini kuinama kutazama majani ya chini hatutaki. Ugonjwa huanzia huko. Halafu jioni tunavuta maji ya ziwa kwa pampu na kuyamwaga juu ya majani, yanalala yamelowa, vijimbegu vya kuvu vinaota. Mwagilia shinani, asubuhi. Nimeshalisema hili na nitalisema tena.

Wewe wa Sangabuye: majani yenye madoa yachume leo, yachome mbali. Mankozebu, dawa ya kuvu, hukinga, haiponyi, basi ipige kwenye majani mazima kwa kipimo cha pakiti. Na hapo ulipovuna nyanya, bilinganya au nyanya chungu, msimu ujao weka mahindi au vitunguu.