Jibu: Mama amemaliza mionzi, sasa kanyamaza. Ushauri wa kwa simu utamsaidia?

Mkuu, umeuliza kama inafaa kumtafutia mama mtaalamu wa saikolojia wa kwa simu, maana yuko Sumbawanga, kamaliza mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, na tangu arudi haongei. Nami nilitibiwa hapohapo, saratani ya titi. Ndiyo, inafaa.

Kunyamaza baada ya matibabu kusikushangaze. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Pale benchini unakaa na wamama wa Kigoma, wa Lindi, wa Mara, kila mmoja na alama zake za wino mwilini za kuonyesha mionzi ipigwe wapi, huna haja ya kumweleza mtu chochote. Mnacheka mpaka muuguzi anakuja kuwanyamazisha. Ukirudi kwenu watu wanakupongeza umepona, na wewe kila kichomi unawaza ugonjwa umerudi. Utamwambia nani, watoto?

Mshauri wangu alikuwa Dar, mimi mkoani. Video niliikataa, kichwa hakina nywele na bando linakatika. Tukaongea kwa sauti tu, siku na saa tuliyopanga. Kwa kuwa hajui ukoo wangu, nilimweleza ya ndoa yangu ambayo hata dada yangu hayajui. Hakunihubiria. (Sala nilikuwa nazo, hazikugombana.) Alinifundisha kupambanua: maumivu haya ni ya kupeleka kwa daktari, wazo lile ni la saa nane za usiku tu. Akanipa na kazi ya kutembea asubuhi, hata kama ni kufika dukani na kurudi.

Grupu la WhatsApp la wagonjwa ni kitu kingine. Linachangamsha, linajibu usiku wa manane, ila siku mnampoteza mwenzenu linaumiza kweli, na wauza majani ya mstafeli wanaodai yanaponya saratani hawakosekani. Kama admini hawafukuzi hao, mtoe mama humo.

Kumpata mtaalamu, anzia hospitali aliyotibiwa: ulizia ustawi wa jamii au tiba shufaa. Wasikutishe na jina, tiba shufaa si ya wanaokaribia kufa tu, hata maumivu na mawazo ya mgonjwa anayeendelea vizuri ni kazi yao. Anayejitangaza mitandaoni muulize kasomea wapi na kasajiliwa wapi. Akianza kukuuzia dawa, kata simu.

Ila akisema afadhali afe, au hali chakula wala halali usingizi, usingoje siku ya simu. Mpeleke hospitali ya mkoa siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

La mwisho, simu iwe yake na mumpishe chumba. Kwetu mwanzoni mpwa wangu ndiye alinishikia simu, nikawa najibu "sijambo" kwa kila swali. Mnunulieni hata kitochi, kwa sauti kinatosha.