Maswali Yenu: Nyuzi za Kioo na Vifuniko Vinavyopinda

SWALI: Ndugu wataalamu, tunatengeneza kifuniko bapa chenye urefu wa mm 240, upana mm 60 na unene mm 2.5. Kwa plastiki ya nailoni 66 tupu kilitoka kimenyooka. Tangu tuhamie yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo, pembe mbili zinanyanyuka. Tumeongeza muda wa kupoza kutoka sekunde 20 hadi 40, wapi! Plastiki inaingilia katikati ya ubavu mrefu.

JIBU: Rudisheni sekunde zenu 20, hapo mnapoteza umeme bure. Nailoni tupu husinyaa sana, asilimia 1.5 au zaidi, lakini karibu sawa pande zote, ndiyo maana kifuniko kilibaki bapa. Ukitia nyuzi, kusinyaa hupungua ila usawa ndio unaopotea. Nyuzi hulala kufuata mtiririko: kwa urefu wa nyuzi plastiki husinyaa karibu asilimia 0.4, kwa kuzikingama karibu 0.9. Kwenye mm 240 hiyo ni mm 1 dhidi ya mm 2.2.

Sasa tazameni mlango wenu, yaani tundu linaloingiza plastiki. Plastiki ikiingia hutawanyika kwa nusu duara, kisha hugeuka kuelekea ncha mbili. Mbele ya mlango nyuzi zimelala kufuata upana, nchani zimefuata urefu. Kipande kimoja, kusinyaa kwa aina mbili, lazima kivutane.

Hamwamini? Kateni vipande vidogo, kimoja karibu na mlango na kingine nchani, mvichome kwenye tanuri la nyuzijoto 600 lenye bomba la kutolea moshi. Plastiki itaungua, nyuzi zitabaki zimelala zilivyokuwa. Angalieni kwa kioo cha kukuzia.

Dawa ni kuhamishia mlango kwenye ubavu mfupi, mpana kadiri moldi (kalibu ya chuma) inavyoruhusu, ili plastiki isafiri kwa urefu mwanzo hadi mwisho. Msiongeze mlango wa pili: mikondo miwili ikikutana huacha mshono dhaifu, na nyuzi hulala sambamba na mshono huo badala ya kuuvuka.

Baada ya hapo pangeni upya presha ya kushikilia, ile inayoendelea kusukuma plastiki moldi ikishajaa. Ongezeni muda wake sekunde moja moja, mpime uzito wa kipande bila mkia wake (plastiki iliyoganda kwenye njia ya kuingilia). Uzito ukiacha kupanda, mlango umeganda. Zidisheni sekunde moja, basi. Mkikatisha mapema, plastiki hurudi nyuma na eneo la mlango husinyaa kupita kiasi.

Kama moldi haiguswi, jaribuni nailoni iliyobadilishiwa sehemu ya nyuzi kwa shanga za kioo. Shanga hazina mwelekeo. Mtapoteza nguvu kiasi, kwa hiyo pimeni kwanza.

SWALI: Kona ya boksi letu imechongwa digrii 90 lakini inatoka 88.5. Je, tuibane kwenye fremu hadi ipoe?

JIBU: Fremu hudanganya, kipashe moto tena kipande hicho, kona itajifunga. Nyuzi hulala ndani ya ukuta, haziuzuii kusinyaa kwa unene, hivyo kona hujikunja. Joto la upande wa ndani huzidisha. Shusheni joto la maji yanayopoza kiini cha moldi (sehemu inayounda upande wa ndani) nyuzijoto 15 chini ya upande wa nje, mpime baada ya saa 24, kipande kikiwa kwenye mfuko uliozibwa kwa sababu nailoni hunywa unyevu na kuvimba. Kona ikifunguka, joto lilikuwa na mchango wake. Ikigoma palepale, ni nyuzi za kioo: chongeni chuma cha moldi kwa digrii 91.5.