Maswali ya Wasomaji: Runinga ya Mama Darini na Ruta Iliyo Kidakani

SWALI: Assalamu alaykum, Bwana Mshauri. Tunaishi katika nyumba ya mawe ya babu zetu hapa Mkomani, Lamu. Fundi aliyetuletea intaneti aliiweka ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, ndani ya kidaka cha ukutani, orofa ya chini, na tangu hapo simu zetu huona mitandao miwili: mmoja una jina la familia yetu, na wa pili una jina lilelile likifuatiwa na «5G». Mama yangu hashuki tena ngazi, kwa hiyo tumemwekea runinga darini ili afuatilie sala zinazorushwa moja kwa moja kutoka Makka. Niliiunganisha na ule wa 5G kwa kuwa niliambiwa ndio wenye kasi, lakini kila baada ya dakika chache picha huganda na sauti ya imamu hukatika katikati ya aya. Mjukuu wake aliye Malindi anatushauri tununue laini ya 5G. Isitoshe, nikitaka kurusha picha za harusi kutoka kwenye simu yangu hadi kwenye runinga hiyo, simu husema haioni kifaa chochote. Nifanye nini?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Kwanza mfikishie mama salamu zangu za heshima, kisha umwambie mjukuu wake asubiri kidogo kabla ya kutoa fedha, kwa sababu jina limempotosha, kama linavyowapotosha watu wengi. «5G» iliyoandikwa mbele ya jina la mtandao wa nyumbani haina uhusiano wowote na kizazi cha tano cha mtandao wa simu. Maana yake ni kwamba ruta inarusha mawimbi kwenye bendi, yaani kundi la masafa, ya gigahetsi 5, na ule mtandao mwingine usio na alama ni bendi ya gigahetsi 2.4. Ruta ni moja, intaneti inayoingia nyumbani ni moja, ila milango ya kuiingilia ni miwili.

Ni kweli kwamba bendi ya gigahetsi 5 ina kasi zaidi, lakini kasi hiyo utaipata ukiwa karibu na ruta, katika chumba kimoja nayo au mahali inapoonekana kwa macho. Wimbi la gigahetsi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na lile la gigahetsi 5 ni pungufu kidogo ya nusu ya hapo. Kwa antena za kawaida, hata mahali pa wazi, nguvu inayopokelewa kwenye gigahetsi 5 kwa umbali uleule ni takriban robo ya ile ya 2.4. Ukishaweka ukuta katikati, pengo hilo huongezeka. Na ukuta wenu si wa matofali membamba: ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unakaribia nusu mita, na wakati wa masika huwa na unyevu, na maji ni adui mkubwa wa mawimbi haya.

Sasa tazama ruta yenyewe ilipo. Simlaumu fundi, kwa maana kidaka ni mahali pazuri pa kuweka kitu, na bibi zetu walipanga humo sahani zao za thamani. Lakini kidaka kimechongwa ndani ya ukuta, kwa hiyo ruta imezungukwa na mawe nyuma, juu, chini na pande zote mbili, na njia pekee iliyobaki wazi ni ya mbele. Ikiwa mbele yake pana kioo kikubwa cha ukutani, basi hata njia hiyo imezibwa, kwa sababu madini yaliyopakwa nyuma ya kioo huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Jambo la kufanya leo, bila gharama yoyote, ni kuihamishia runinga kwenye bendi ya 2.4. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye runinga, chagua ule mtandao wa 5G, kisha uamuru runinga iusahau kabisa, kwani usipoufuta itaurudia kila umeme unapokatika na kuwaka tena. Baada ya hapo uiunganishe na mtandao usio na alama. Usihofu kwamba kasi itapungua mno. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p (HD kamili) na 15 kwa picha ya 4K (iliyo kali zaidi), na matangazo ya moja kwa moja ya 1080p huhitaji kiasi kisicho mbali na hicho. Ruta ya kawaida kwenye bendi ya 2.4 huweza kutoa makumi ya megabiti ikiwa mawimbi yanafika vizuri na majirani hawajaisonga.

Usongamano huo nao usiudharau. Mkomani nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na bendi ya 2.4 ni nyembamba: chaneli zake, yaani vijia vya mawimbi ndani ya bendi, zinapandana, na zile ambazo haziingiliani ni 1, 6 na 11. Ingia katika mipangilio ya ruta, chagua mojawapo ya hizo tatu ambayo majirani hawaitumii sana, na uweke upana wa chaneli uwe megahetsi 20, si 40. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha chaneli za majirani pamoja na nguvu ya mawimbi. Simama na simu pale ilipo runinga ya mama, mlango ukiwa umefungwa kama yeye anavyoufunga, usome nguvu hiyo. Huandikwa kwa alama ya kutoa: -50 ni nzuri sana, -67 bado inafaa kwa video, na ukiona -80 ujue kuganda hakutakwisha.

Ikiwa ni hivyo, ihamishe ruta. Nyumba za Lamu zilijengwa kuzunguka kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, na uwazi huo unaopitisha hewa na mwanga ndio utakaopitisha mawimbi. Iweke juu ya kabati kwenye msana, yaani ule ukumbi mrefu unaotazama kiwanda, mahali pasipofikiwa na mvua, na mawimbi yatapanda kwa uwazi badala ya kupenya mawe. Pengine hapo hata gigahetsi 5 itafika darini. Ukiitumia, chagua chaneli kati ya 36 na 48, kwa sababu nyingine nyingi za juu yake hutumiwa pia na rada, na baadhi ya runinga hazizioni kabisa.

Lakini mimi, kwa runinga isiyohama na mtazamaji asiyeweza kunyanyuka kuiwasha upya, ningevuta kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya runinga, nikamaliza. Tundu la kebo kwenye runinga nyingi hupitisha megabiti 100 kwa sekunde, nayo inatosha na kubaki. Ipitishe ukingoni mwa ngazi, na usitoboe ukuta ovyo: Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ulizia kwanza kwa wahusika wa makumbusho. Nunua kebo ya shaba tupu, na vichwa vyake uvikague mara kwa mara, kwa kuwa hewa ya chumvi huvila.

Kuhusu simu isiyoiona runinga, kwa kawaida sababu si bendi. Simu iliyo kwenye 5 na runinga iliyo kwenye 2.4 huonana, maadamu zote zimo katika mtandao mmoja wa ruta hiyo. Huenda mojawapo imeingia kwenye mtandao wa wageni, ambao huvitenga vifaa visionane, au kitufe cha kutenganisha vifaa kimewashwa kwenye ruta. Kizime, kisha uwashe upya simu na runinga.

SWALI: Hapa kwangu Malindi spika zangu za Wi-Fi hukatika kila mchana mke wangu anapopasha chakula kwenye maikrowevu. Je, ni umeme?
Msomaji, Barani, Malindi

JIBU: Si umeme, kaka. Maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahetsi 2.45, na kiasi kidogo kinachovuja mlangoni huiingilia bendi ya 2.4. Spika zikikubali, zihamishe kwenye gigahetsi 5. Zisipokubali, weka ruta kwenye chaneli 1 na uzitoe spika upande wa jikoni, hata ikiwa ni mita tatu tu.